Brashi na Chaki Katika Mkono Mmoja

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii imetumika kuwaonya wakulima, wafanyabiashara, na hata vijana wenye wachumba wawili. Leo, ndugu msomaji, yafaa tuipime kwa mtu ambaye hazungumzwi sana katika kurasa za familia: mchoraji ambaye riziki yake, au wito wake, umemweka mbele ya watoto. Asubuhi hushika chaki. Jioni hutamani kushika brashi. Je, ni lazima kimoja kimponyoke? Na kikimponyoka, hasara ni yake peke yake, au ni ya watoto anaowafundisha na ya nyumba anamolala?

Watu wa namna hii si wachache. Katika nchi zetu ni wachoraji wachache wawezao kulisha familia kwa picha peke yake, na walio wengi hufundisha. Wengine wameajiriwa katika shule za msingi kufundisha hesabu na Kiswahili, na kipindi cha kuchora huwaangukia kwa sababu kila mtu ajua kwamba wao wana mkono. Wengine hukusanya watoto wa mtaani siku ya Jumamosi chini ya mwembe. Wengine ni akina mama ambao huchora mtoto mchanga akilala, na wakubwa wakiamka huwagawia karatasi ili wapate japo robo saa ya utulivu.

Tuanze na hesabu ya saa, maana hapo ndipo malalamiko huanzia. Mwalimu huingia shuleni asubuhi na mapema na kutoka alasiri, akiwa amebeba madaftari ya kusahihisha. Afikapo nyumbani kuna maji, kuni, mgonjwa wa kujuliwa hali, na mtoto wa kufundishwa kusoma. Akimaliza hayo, jua limekwisha kuzama. Sasa, kazi ya rangi si kama kazi ya kushona vifungo, ambayo yaweza kufanywa chini ya taa yoyote. Chini ya kibatari, au hata chini ya taa ya umeme yenye mwanga wa manjano, rangi ya njano huonekana kama nyeupe na buluu huonekana kama nyeusi. Mchoraji aliyefurahia kazi yake usiku huamka asubuhi akakuta picha nyingine kabisa. Kwa hiyo hubakiwa na Jumamosi na Jumapili, nazo hudaiwa na ibada, harusi, misiba na wageni.

Tena si saa peke yake zinazopungua. Mtu aliyetazama picha za watoto hamsini tangu asubuhi, akimsifu huyu na kumtia moyo yule, hurudi na macho yaliyochoka na moyo uliotumika. Hapo ndipo vishawishi viwili humjia.

Kishawishi cha kwanza ni kuweka brashi kando mpaka mambo yatulie: mpaka watoto wake wakue, mpaka nyumba iishe kujengwa, mpaka atakapostaafu. Mambo hayatulii. Rangi hukauka ndani ya mikebe, na miaka kumi hupita. Kishawishi cha pili ni kinyume chake. Mwalimu huingia darasani, akachora chungu ubaoni, akawaambia watoto wakinakili, kisha akaketi kuifikiria picha yake iliyoko nyumbani. Watoto hamsini hutoa vyungu hamsini vinavyofanana, na mwalimu huvipa alama kwa kadiri vilivyofanana na cha kwake. Vishawishi hivi viwili vyaonekana kuwa mbalimbali, lakini mzizi wao ni mmoja: ni kudhani kwamba kazi hizi mbili ni maadui, na kwamba saa apewayo mmoja ameibiwa mwenziwe.

Hebu tuwatazame watu waliowahi kuzibeba zote mbili.

Katika miaka ya 1930, Margaret Trowell, mchoraji kutoka Uingereza ambaye mumewe alikuwa daktari katika hospitali ya Mulago, alianza kufundisha vijana uchoraji barazani kwake huko Kampala. Madarasa hayo ya barazani ndiyo yaliyokuwa chimbuko la shule ya sanaa ya Makerere. Bibi huyo hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore waliyoyajua wenyewe: soko, shamba, ngoma, safari ya kuteka maji.

Mmoja wa wanafunzi waliotoka katika shule hiyo ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Ntiro alisoma Makerere, akaendelea na masomo katika shule ya Slade huko London, akarudi kufundisha. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa Balozi, na baada ya kurejea akaendelea kuutumikia utamaduni na elimu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1993. Huyu ni mtu ambaye angeweza kusema kwa haki kwamba hana nafasi. Hata hivyo hakuiacha brashi. Alichora watu wa Kilimanjaro wakilima, wakivuna na wakibeba mizigo kati ya migomba. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika hazina ya Museum of Modern Art jijini New York. Jambo la kujifunza kwake ni hili: hakungoja apate jambo geni la kuchora. Alichokichora ni kile alichokijua tangu utotoni, na mtu ajuaye anachotaka kusema hahitaji kupoteza nusu ya Jumamosi akikitafuta.

Wa pili ni Elimo Njau, naye mzaliwa wa Kilimanjaro na mwanafunzi wa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano ukutani mwa kanisa la Mtakatifu James huko Murang'a, Kenya, zinazoonyesha maisha ya Kristo katikati ya vilima na watu wa nchi ile ile. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa kuonyeshea picha, pa kufanyia kazi, na pa kufundishia. Majengo yake yaliteketea kwa moto mwaka 1997, na kazi ikaanzwa tena. Katika maisha yake yote ya ualimu Njau alipinga uigaji kwa nguvu kama mhubiri apingavyo dhambi. Aliona kuwa mtu anayenakili amelaza usingizi kile alichopewa na Muumba. Mafundisho haya hayatolewi na mtu aliyeacha kuchora, kwa maana ni yule tu anayepigana na picha yake mwenyewe ajuaye jinsi kunakili kulivyo rahisi na jinsi kunavyodanganya.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Je, Edward Saidi Tingatinga? Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, aliwafundisha vijana wa ukoo wake kwa kuwaketisha karibu naye, wakimtazama na kufuata mkono wake, na mtindo wake ungali hai mpaka leo. Ni kweli. Lakini wale walikuwa vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya kuwapatia riziki, kama vile mwanafunzi wa seremala anavyofuata randa ya fundi wake. Mtoto wa miaka sita hakuja kujifunza kazi. Yeye anajifunza kuona na kusema. Ukimfuatisha mkono wako mapema mno, atakuwa na mkono wako bila kuwa na macho yake.

Mfano wa mwisho unatoka mbali, katika Ulaya ya wakati wa vita. Tunauleta kwa sababu swali letu halijapata kuulizwa kwa ukali zaidi kuliko pale.

Friedl Dicker alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1898. Alisoma katika shule mashuhuri ya Bauhaus mjini Weimar, akawa mchoraji na mbunifu wa samani, vitambaa na vyumba. Katika miaka ya 1930 alikimbilia Prague, akaolewa na Pavel Brandeis, na humo akawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi. Alikuwa Myahudi. Mwezi wa Desemba mwaka 1942 yeye na mumewe walipelekwa katika kambi ya Terezín, ambako Wanazi walikuwa wamewafungia maelfu ya Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo tu. Friedl alitumia sehemu ya mzigo wake kwa karatasi na rangi.

Kambini humo alifundisha watoto kuchora, hasa wasichana, katika vyumba vilivyojaa vitanda. Karatasi zilipopungua walichorea migongo ya fomu zilizokwisha tumika. Hakuwaambia wachore njaa wala askari. Aliwafundisha kutazama: mstari, mwanga, ua lililomo ndani ya chombo, na mambo waliyoyakumbuka kwao. Aliwataka watie majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo watawala walitaka kuwafanya namba. Wakati huo huo yeye mwenyewe aliendelea kuchora, mara sura za watu, mara maua, mara mandhari.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Kabla ya kuondoka alijaza masanduku mawili kwa kazi za watoto, zipatazo 4,500, yakafichwa. Baada ya vita yalifikishwa Prague, na michoro hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo. Watoto wengi walioichora waliuawa. Kwa baadhi yao, karatasi ile yenye jina ndiyo alama pekee iliyobaki duniani kwamba walikuwako.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kusema kwamba Friedl alijitoa, basi na kila mchoraji ajitoe. Somo ni jingine. Mwanamke yule aliweza kumfundisha mtoto kuona ua ndani ya kambi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado analiona. Kama asingekuwa mchoraji siku ile, angekuwa mlezi mwema mwenye huruma, na huruma ni kitu kikubwa; lakini asingekuwa na cha kuwapa zaidi ya huruma.

Basi hapa ndipo safu hii inaposimama. Kinyozi hajinyoi, lakini mwalimu wa kuchora asiyechora ni msahihishaji tu. Husahau jinsi karatasi tupu inavyotisha. Mtoto akikwama, humwambia, "Fanya hivi," badala ya kumwuliza, "Umeona nini?" Kwa hiyo saa chache ambazo mwalimu huyo huzitenga kwa ajili ya picha yake hazikuibwa kutoka kwa watoto. Ndizo zinazomjaza kile atakachowamiminia siku ya Jumatatu.

Kadhalika darasa humrudishia kitu, asipokuwa na kiburi. Mtoto wa miaka miwili huchora mikwaruzo, akifurahia mkono unavyokwenda. Aghalabu afikapo miaka mitatu au minne, mtu wake ni kichwa chenye miguu. Baadaye huweka mstari wa ardhi chini ya karatasi, huchora nyumba ambayo kuta zake hazizuii kuona watu waliomo, na humfanya mama kuwa mkubwa kuliko gari kwa sababu mama ndiye mwenye maana zaidi. Mchoraji aliyekwama katika picha iliyo sahihi kwa vipimo lakini haina uhai hupaswa kutazama jambo hilo kwa makini. Mtoto ameamua kilicho kikubwa, kisha akakichora kikubwa. Ni wangapi kati ya watu wazima wenye ujasiri huo?

Afikapo miaka tisa au kumi mtoto hugeuka. Huanza kulinganisha kazi yake na ya wakubwa, akafuta, akachana, akasema, "Mimi sijui kuchora." Wengi huacha hapo, wasirudi tena. Hiyo ndiyo saa ambayo mtoto anamhitaji mchoraji halisi, si mtu wa kumpa chungu cha kunakili. Anamhitaji mtu wa kumwonyesha kwamba hata mkubwa hufuta na kuanza upya. Mwalimu aletaye darasani picha yake ambayo haijakamilika, akawaonyesha watoto mahali iliposhindikana, huwafundisha zaidi ya mwezi mzima wa sifa.

Sasa tuje nyumbani, maana mizani hii haishikwi na mtu mmoja.

Kwa mwalimu mwenyewe: tenga saa zako na uzitangaze. Saa tatu za Jumamosi asubuhi zinazojulikana na nyumba nzima zina faida kuliko ahadi ya kuchora kila siku isiyotimizwa. Jioni, mwanga unapokuwa mbaya, fanya kazi zisizotaka rangi: kata mbao, tayarisha vitambaa, chora kwa mkaa picha ya wiki ijayo. Usifanye picha yako na kufundisha katika saa moja, kwani utamkasirikia mtoto kwa kosa la picha. Tena usiguse karatasi ya mtoto kwa brashi yako, hata kama mkono wawasha. Ukitaka kumwonyesha, chukua karatasi nyingine.

Kwa mume au mke wa mchoraji: usiulize kila wiki picha hii italeta unga kiasi gani. Swali hilo ni la haki, lakini lina siku yake. Kaeni pamoja mara moja, mkubaliane fedha ya rangi haitazidi kiasi gani, na saa za kuchora zitakuwa zipi. Kisha mlinde mlichokubaliana. Na mchoraji naye akumbuke kwamba saa zake tatu zimelipiwa na mtu aliyekuwa akifua au akibembeleza mtoto wakati huo. Anapotoka kwenye picha, aende akashike zamu. Jambo hili huwapata wanawake kwa uzito zaidi. Mwalimu mwanamke mwenye kipaji hupewa darasa, jiko na wagonjwa, kisha watu hushangaa kwamba hakuendelea kuchora.

Kwa wazazi wanaowapeleka watoto Jumamosi: mlipeni mwalimu, hata kama malipo ni madogo. Baadhi yetu hudhani kuwa kumchezesha mtoto na rangi si kazi, ilhali tungemlipa fundi wa kuziba ndoo bila kunung'unika. Mtoto aletapo picha nyumbani, msimcheke, wala msimwulize, "Hiki ni kitu gani?" Mwambieni, "Nieleze." Andikeni jina lake na tarehe nyuma ya karatasi, muiweke ndani ya mfuko. Mfuko huo hautagharimu kitu, na miaka ishirini ijayo hautanunulika.

Wala mtu asiseme kwamba rangi hakuna. Mkaa uliosagwa na masizi hutoa nyeusi. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi ya matofali. Binzari ya manjano hutoa njano nzuri, ingawa hupauka juani. Vichanganye na utomvu wa mgunga uliolowekwa majini usiku kucha, au na uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ili rangi ishike. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ni brashi. Ila chokaa isiwekwe mikononi mwa watoto wadogo, kwa kuwa huunguza macho na ngozi. Na rangi za mafuta pamoja na tapentaini zibaki kwa wakubwa, mahali penye hewa.

Tumeanza na methali, nasi hatuna nia ya kuwakosoa wahenga. Mshika mbili moja humponyoka iwapo vitu hivyo ni viwili kweli. Lakini huyu tuliyemzungumza ameshika kitu kimoja chenye ncha mbili: ncha moja huchora, na nyingine hufundisha kuona. Akiiacha ncha yoyote, nyingine hulegea mkononi mwake. Kama katika nyumba yako au katika shule ya mtaa wako yumo mtu wa namna hiyo, wiki hii mwulize swali moja tu, nalo si bei ya picha: mwulize ni lini mara ya mwisho alipochora. Akikaa kimya, tafuteni pamoja hizo saa tatu.

Tukutane Jumapili ijayo.